Vitabu vya Bwana Giza Nilivyomchagulia Mama

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeanza kusikia dawa, maana mara ya mwisho ulisema linatabiri mvua kuliko redio. Baba Mdogo hajambo? Bado anakataa miwani, analisoma gazeti kwa kunyoosha mkono mpaka linakaribia kugusa ukuta wa pili? Mfikishie salamu zangu nyingi. Wasalimie na mafundi wenzako hapo kwenye cherehani; nasikia msimu wa sare za shule umewakalisha kitako hata chai mnainywea kazini. Sisi huku tupo. Mama anakula, analala, anazunguka nyumbani bila kushikwa mkono. Mimi nipo pale pale maktaba, kwenye dawati langu karibu na lile dirisha lisilofunguka. Hayo ya afya nimeyamaliza haraka kwa sababu najua siyo uliyoniuliza.

Uliniuliza dada yako amepatwa na nini. Ulisema ukimpigia simu anakujibu kwa mkato, na ukianza kumkumbusha ya usichana wenu ghafla kunakuwa na mtu anagonga mlango, anakata. Ukauliza kama ameanza kusahau, na ukanitaka nikujibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima, nisikufiche. Barua yako nimeibeba mfukoni tangu siku iliyofika, mpaka imechanika kwenye mikunjo. Jibu ninalo. Naomba ukae, uisome hii mpaka chini kabla hujaishika simu, kwa kuwa nakujua mkono wako ulivyo mwepesi.

Nianzie kwenye macho. Daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba uoni unaliwa kutoka pembeni ukielekea katikati. Matone yatapunguza mwendo wake, ila kilichokwenda kimekwenda. Mama alimsikiliza kwa namna alivyozoea kuwasikiliza madaktari, yaani akiwasahihisha. Alitaka kujua jambo moja tu: kwa upande wa kusoma, amebakiwa na muda gani. Daktari akazungukazunguka, mwishowe akasema maandishi ya kitabu ataweza kuyafuata mwaka huu, labda usiishe, na asijichoshe. Tulipofika nyumbani Mama alivua viatu, akavipanga chini ya kiti, akasema kama ni hivyo basi hana jicho la kupoteza. Atasoma Bwana Giza. Na kazi ya kuchagua vipi vya kusoma ni yangu, kwa sababu ndiyo kazi niliyosomeshwa.

Bwana Giza unamjua kuliko mimi, wewe na Mama ndio mliompa jina hilo mkigombania kitabu chake chini ya shuka moja. Mtu yule ameandika vitabu vya vitisho zaidi ya sabini na hadi leo anafyatua kama mfyatua matofali. Mama kwa miaka yote amesoma labda robo yake, tena bila mpango, kile tu kilichopatikana akitoka zamu. Wauguzi wenzake wa chumba cha upasuaji walikuwa wakimshangaa, mtu ashinde kwenye damu kisha arudi nyumbani akasome damu. Alikuwa akiwajibu kwamba damu ya kitabuni haina wa kuifuta, na ukikifunga hicho kitabu hakuna aliyekufa. Mimi nilikua nikiyasikia maneno hayo, na nikakua nikiyaonea aibu kidogo. Shuleni wenzangu walisema mama zao wanasoma vitabu vya dini.

Alinipa masharti, na alivyoyatoa utadhani anakabidhi zamu. Hataki kitabu cha Bwana Giza chenye hospitali, kwa sababu madaktari wake hawanawi mikono na yeye hukasirika badala ya kuogopa. Hataki kile ambacho unasoma mpaka usingizi unakuja na bado hakuna aliyegonga mlango. Anapenda vile ambavyo ubaya umo ndani ya nyumba na watu wa nyumbani wanaujua. Asiletewe vingi, aletewe vizuri. Na cha mwisho kabisa, akihisi macho yanaaga, anataka kile cha nyumba ya wapangaji, kile mlichokisoma nyinyi wawili, ili hicho ndicho kiwe kitabu alichofungia.

Hapo Mama Mdogo nikafanya jambo ambalo mtu asiye mkutubi asingeweza kulifanya. Unajua ndani ya jalada la kila kitabu chetu kuna karatasi tunayoigonga mhuri wa tarehe kila kinapoazimwa. Ukiitazama unaona mara moja kitabu kinatembea au kimekaa. Vya Bwana Giza vingine karatasi zake zimejaa mpaka tumebandika nyingine juu yake. Vingine vina mihuri miwili mitatu, basi. Mtu mwenye akili zake angemletea Mama vile vilivyojaa. Mimi nikajiambia kwamba hivyo ndivyo vya kila mtu, vya damu na kelele, na kwamba kwenye vitabu sabini haikosi mwandishi naye siku moja alijikaza akaandika kitu cha maana, na kitu cha maana watu hawakiazimi. Nikachukua vile vyenye karatasi nyeupe. Nikajiona mjanja kweli kweli. Nilitaka macho ya Mama yaishie kwenye vitabu ambavyo ningeweza kuvitaja mbele za watu.

Wala sikuvifungua. Niliyasoma maneno ya nyuma ya jalada, basi. Mimi na vitisho hatujawahi kuelewana, mlango ukijifunga na upepo natafuta sababu ya kwenda kununua mkate. Lakini Mama nilimwambia nimevisoma vyote sabini ili nimchagulie, na alifurahi mno. Alisema hakujua kama nilikuwa nampenda hivyo.

Karatasi zile zilikuwa nyeupe kwa sababu vitabu vilikuwa vibaya. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Cha kwanza kilikuwa cha mashine ya ofisini inayonong'ona, nacho hakuna anayegonga mlango mpaka karibu na mwisho. Cha pili ni kibaya zaidi, na hapa cheka kidogo kama unaweza, maana mbele hakuna kicheko. Kilikuwa kitabu cha kati katika vitabu vitatu vinavyofuatana. Sisi tuna hicho kimoja tu, cha kwanza na cha tatu hatuna, ndiyo maana kilikuwa hakiazimwi. Nani aanze hadithi katikati? Mama alianza. Alikuwa akiweka rula chini ya mstari, lenzi mkononi, uso umekaribia kugusa karatasi, anasoma neno baada ya neno kisha ananyanyua kichwa ananiuliza huyu mjomba ametokea wapi, na kwa nini wote wanamwogopa. Nami sikujua. Nikamwambia aendelee tu, kitajieleza mbele. Alirudi mwanzo mara ngapi sijui, akidhani ameruka ukurasa. Siku moja alisema huenda siku hizi hashiki vitu kichwani kama zamani. Nilisikia, nikaendelea kula.

Kuna la maktaba pia, nalo sijapata kumwambia mtu. Mama alikuja kazini kwangu peke yake, na fimbo yake nyeupe mpya, amevaa gauni lile la kola ulilomshonea. Nilikuwa kaunta na mkutubi mkuu, mtu wa heshima zake, ambaye tangu zamani nilimwambia kwamba mama yangu anasoma historia ya tiba. Usiniulize kwa nini nilimwambia hivyo. Mama akafika, akauliza kwa sauti yake ya wodini kama hivi alivyopewa ndivyo vizuri kweli, au Bwana Giza hana vingine, vile vya damu hasa. Watu wakageuka. Mkutubi mkuu akatabasamu. Mimi nikawahi kusema kwamba mama ametumwa na jirani, jirani yetu ndiye mpenzi wa vitu hivyo. Mama akasema ndiyo, ni vya jirani, na kwamba jirani huyo ana mambo yake. Akanisaidia kudanganya, Mama Mdogo. Nilimsindikiza mpaka mlangoni na hakunisema, aliuliza tu kama ngazi ni tatu au nne.

Baada ya hapo hakuulizia vingine. Alimaliza nilivyompa, vyote, mpaka mstari wa mwisho, na kila alipomaliza kimoja alinitafutia neno zuri la kukisifia. Cha mashine alisema kina majina mazuri ya watu. Macho yalikuwa yanakwenda. Mwezi wa mwisho herufi alikuwa akizipata mbili tatu kwa wakati mmoja, anaziunga mdomoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndipo akasema sasa nimletee kile cha nyumba ya wapangaji, wakati umefika. Nikamwambia kimepotea. Na wewe nilikuambia hivyo hivyo kwenye simu, ukasikitika, ukasema watu wa siku hizi hawarudishi vitu vya watu.

Zikapita siku kadhaa. Halafu Jumapili moja mchana, mimi napiga pasi mashati ya wiki, Mama yuko kwenye kochi anakunja nguo kwa kupapasa, akasema vizuri tu kwamba basi nimsimulie. Kusoma hawezi tena, na kitabu hakipo, lakini si nimevisoma vyote? Nimsimulie mwisho. Mwanzo anaukumbuka, mwenye nyumba na wapangaji wake, na ile sauti inayobaki ukutani kila mpangaji anapohama. Anataka kuusikia mwisho tu, kwa mdomo wa mwanawe.

Ningeweza kusema sijakisoma. Maneno hayo ni mepesi, mtu anayasema huku anageuza kola ya shati. Lakini nilikuwa nimeshajitia msomaji wa vitabu sabini, na mbele ya mtu ambaye ametumia nuru yake ya mwisho kwa kuniamini, nikaona aibu ya kuonekana sikufungua hata kimoja. Nikatunga. Nilisema usiku mmoja nyumba iliwaka moto, wapangaji wakateketea na ile sauti nayo ikanyamaza. Ni mwisho wa mtu asiyejua mwisho, kuchoma nyumba.

Mama aliacha kukunja. Akauliza kwa upole, iliungua? Si yule mwenye nyumba aliwatoa wote nje, kisha akafunga mlango kwa ndani, akabaki nacho kile kilichokuwa ukutani ili kisiwafuate? Mlango wa kurudi ulikuwa hapo, Mama Mdogo, wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Nikamjibu kwa sauti ile ninayoitumia kaunta. Nikamwambia, “Hapana Mama, hapo umechanganya na kitabu kingine.”

Alisema, “Ahaa.” Akachukua taulo, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Sasa umejua kwa nini simu zako anazikata. Anakuogopa wewe. Anaogopa utamtajia jambo la utotoni na yeye atalikumbuka vingine, na utagundua. Tangu Jumapili ile anajipima. Nimemsikia jikoni, mikono imeshika ukingo wa sinki, anataja vifaa vya upasuaji kwa mpangilio wake, vile alivyokuwa akiwafundisha wauguzi wapya: kisu kidogo, kisu kikubwa, vibanio vya mishipa, vya kunyooka na vya kupinda, mkasi wa nyama, mkasi wa uzi. Akikwama kimoja anaanza upya kutoka kisu kidogo. Ameniomba nikitoka nifunge gesi kwa nje. Ameomba miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, nayo ni mwisho wa mwezi huu. Na wiki iliyopita alinituma nianze kuulizia nyumba za kulelea wazee, akasema anataka kuchagua yeye mwenyewe mapema, kabla hajafika mahali ambapo hataweza kuchagua. Upofu ulikuwa haujamvunja. Alikuwa akisema kipofu mwenye akili zake bado ni mkubwa wa nyumba yake. Hili la pili limemvunja, na nimemfanyia mimi, huku napiga pasi.

Barua yako ndiyo iliyonimaliza. Ulikuwa unaandika tu ya kuandika, ukasema siku hizi ukifunga duka jioni unamkumbuka yule mama mwenye nyumba wa Bwana Giza aliyejifungia ndani peke yake, na jinsi dada yako alivyokuwa akikusomea ukurasa ule kwa kunong'ona makusudi mpaka unajifunika shuka. Nilisoma mstari huo kwenye ngazi za posta, nikaurudia neno kwa neno, watu wananipita. Kumbe Mama alikumbuka sawasawa. Mimi, hata kabla ya barua yako, nilijua kwamba moto niliutunga. Nilichojidanganya nacho ni kwamba labda naye amekosea, na tukikosea wote basi hakuna aliyeonewa.

Nimalizie uchafu uliobaki ili usije ukausikia kwingine. Kitabu hakikupotea. Mkutubi mkuu alituagiza tupunguze rafu, kila mmoja aondoe vilivyochakaa kwenye sehemu yake. Hicho kilikuwa kimechakaa kuliko vyote, mgongo umepakwa gundi juu ya gundi, kurasa za mwisho zinaning'inia. Kilichakaa kwa kusomwa. Ningeweza kukipeleka kwa fundi wa kujalidi, nimempelekea vingine, vya historia, ambavyo hakuna aliyevifungua tangu vinunuliwe. Nikakigonga mhuri wa kuondolewa nikakitia kwenye kasha lililokwenda kusagwa karatasi, na nikaona nimesafisha. Ilikuwa majuma machache kabla Mama hajaniambia wakati wake umefika, na sharti lake nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Nimezunguka kwa wauza vitabu vya mitumba wote ninaowajua, na kwa wasomaji wetu wa Bwana Giza mmoja mmoja. Kila mtu anakisifu na hakuna aliyenacho.

Utasema basi si umwambie ukweli. Nimemwambia. Ndiyo maana nakuandikia, Mama Mdogo, si kukuuliza kama nimwambie.

Ilikuwa juzi asubuhi, tunakunywa chai. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa, karatasi nyeupe, vitabu sabini, kaunta, kasha, moto. Sikuruka kitu. Nilimwambia akili yake ni nzima na kwamba aliyeharibika ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa moto. Nikarudia. Kisha akatafuta mkono wangu juu ya meza, akaupata, akaupigapiga, akasema tangu mdogo nina moyo mzuri. Akasema yeye mwenyewe amewaambia wagonjwa maneno kama hayo, kwamba maabara wamechanganya vipimo, mgonjwa asihofu, na aliwaambia kwa sauti hiyo hiyo. Akasema mtoto wake hawezi kumfanyia mambo kama hayo niliyoyataja. Ila anaweza kujisingizia ili mama yake apate kulala.

Nikaitoa barua yako mfukoni, nikamsomea ule mstari wa mwenye nyumba. Akaiomba. Akaipapasa, akaiweka machoni na lenzi juu, akaisogeza huku na huku, na unajua mwandiko wako, hata mwenye macho mazima unamtoa jasho. Akanirudishia. Akasema mimi nasoma vizuri sana.

Macho ya kuhakikisha ninachosema hana, kitabu cha kumwonyesha nimekisagisha, na neno langu halina thamani, tena halina kwa sababu ananipenda. Laiti angenitukana. Nilingoja anitukane, nilikaa pale makusudi mpaka chai ikapoa.

Simu ningeweza kukupigia juzi ile ile. Lakini wewe ukimpigia leo ukamwambia habari za mwenye nyumba, atajua nimekutafuta tukapanga, na katika hilo atakuwa hajakosea. Kwa hiyo nakuomba uje. Najua goti, najua sare za shule, najua ninayekuomba sistahili hata nauli yako. Njoo kabla ya siku ya daktari, uje kama dada aliyemkumbuka dada yake, ukae naye, na mimi unifukuze nyumbani. Shahidi mwingine Mama hana.

Na ukishakaa naye, msimulie mwisho wa kitabu kile, ukianza wewe, usimngoje aseme. Mimi nakijua kipande kimoja tu, kile cha mlango, alichonitajia kabla sijamnyamazisha. Lazima mna mengine. Nani alikuwa wa mwisho kutoka, yule mama alisema nini, alikuwa ameshika nini mkononi, Mama alikuwa akinong'ona maneno gani hasa mpaka ukajifunika. Hayo hajawahi kunitajia na popote sijayasoma. Akiyasikia kwako yakawa ndiyo yale aliyonayo moyoni, atajua hakuna mtu aliyekufundisha, na atajua kichwa chake ni kizima. Ndipo ataamini na yale niliyomwambia juzi, yote, pamoja na la kaunta. Nimelifikiria hilo na nimelikubali.

Nakusihi basi usiniandikie mwisho huo, hata kwa kunihurumia, wala usiniambie kwenye simu. Siku nitakayoujua mimi, hautamfaa tena Mama.

Nisikuchoshe zaidi. Mfikishie Baba Mdogo heshima zangu, na ukiona inafaa mwambie haya, ukiona haifai mwambie nimeandika kuulizia goti. Wasalimie majirani wanaonikumbuka. Kwa kawaida hapa chini huwa naandika kwamba Mama anakusalimu sana. Leo hajui kama nakuandikia, kwa hiyo sitaandika.

Ni mimi mwanao,
wa maktaba.